Zana mpya ya kufungasha msimbo: tuhame lini?

Hotuba hii niliitoa jioni moja Dar es Salaam, mbele ya watengenezaji wa tovuti. Wapo walioomba niiweke yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha za ukutani nimeziacha, maneno ni yale yale.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Wadogo zangu mlionipokea pale mlangoni, marahaba, na asanteni kwa kutupangia viti.

Naomba mikono kabla sijaenda mbali. Nani ana mradi kazini ambao bado unajengwa na webpack, ile zana ya zamani ya kufungasha msimbo? Wengi. Nani ameshaambiwa na rafiki, na bosi, au na video ya mtandaoni, kwamba ahamie zana mpya, Vite, au Turbopack, au Rspack? Karibu wote. Haya, nani kati yenu alimuuliza huyo aliyemwambia: kwa nini leo? Kwa nini isiwe mwakani? Kwa nini haikuwa mwaka jana? Mnaona mikono iliyobaki. Basi leo tuongelee hiyo "lini". Habari ya ipi ni bora tunaweza kubishana mpaka alfajiri na kila mtu akaenda nyumbani na jibu lake. Lini ndilo swali linalokula muda wa timu na fedha za mwenye mradi.

Kwa wanaoanza, niseme kwa ufupi tunazungumzia kitu gani. Tovuti ya siku hizi inaandikwa kwa vipande: faili mia mbili, mia tano, elfu tatu, kila moja ikiita nyingine, pamoja na maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, ulizoshusha kutoka ghala la mtandaoni liitwalo npm. Huwezi kumtwisha mteja mzigo huo kama ulivyo. Zana ya kufungasha inafuata kila "import", inatupa kisichotumika, inakamua kinachobaki, kisha inatoa faili chache za kupandisha hewani. webpack, iliyoanzishwa na Tobias Koppers mwaka 2012, ndiyo iliyofanya kazi hiyo kwa wengi wetu kwa miaka na miaka.

Halafu ukaja mwaka 2020. Evan Wallace, mmoja wa waanzilishi wa Figma, programu ya kuchora mwonekano wa tovuti, akatoa esbuild. Aliiandika kwa lugha ya Go, na inatumia viini vyote vya prosesa kwa wakati mmoja. Kwenye kipimo alichokiweka mwenyewe, nakala 10 za maktaba ya three.js zinafungashwa pamoja: esbuild inamaliza kwa sekunde 0.39, webpack 5 inachukua sekunde 41.21. Mwaka huo huo Evan You, aliyeunda Vue, zana ya kujengea kurasa za tovuti, akatoa Vite, ambayo ulipo kazini, yaani wakati bado unaandika na kujaribu kwenye kompyuta yako, haikufungashii msimbo wako kabisa. Inakiachia kivinjari kiombe faili moja moja kadiri kinavyozihitaji. Toka hapo mlango ukawa wazi: Turbopack, Rspack, Rolldown, zote kwa lugha ya Rust. Kila mwaka zana mpya, na kila mwaka mchoro wa kulinganisha kasi, wenye mstari mrefu wa mpinzani na mstari mfupi wa mwenye mchoro.

Ndugu zangu, michoro hiyo tuisome vizuri.

Tarehe 25 Oktoba 2022, mjini San Francisco, kampuni ya Vercel ilitangaza Turbopack. Aliyekuwa akiongoza kazi hiyo ni Tobias Koppers yule yule wa webpack, kwa hiyo haikuwa kazi ya watoto. Wakasema ina kasi mara 700 kuliko webpack, na mara 10 kuliko Vite. Mitandao ikawaka. Evan You akakaa chini akarudia kipimo cha Vite. Alichokuta kinafaa kila mmoja wetu akikumbuke. Katika moja ya majaribio, Turbopack ilichukua milisekunde 15, Vite milisekunde 87. Kwenye mchoro, 15 zikaandikwa sekunde 0.01, na 87 zikaandikwa sekunde 0.09. Ya kwanza ikapunguzwa, ya pili ikaongezwa. Gawanya mwenyewe 87 kwa 15: unapata karibu mara 6. Na zana mbili zenyewe hazikuwa zinatumia kigeuzi kimoja cha msimbo wa React, maktaba ya kujengea kurasa: moja ilikuwa na SWC, nyingine Babel.

Sisemi walikusudia kudanganya. Turbopack ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Ninachouliza ni hiki: tofauti ya milisekunde 72, nani humu ndani angeiona kwa macho yake? Na kama huwezi kuiona, unaihamia ya nini?

Kasi ya mchoro ni ya mradi wa mwenye mchoro. Kasi inayokuhusu wewe ni ya mradi wako, kwenye kompyuta yako, kwenye ofisi yako.

Kuna ofisi moja hapa mjini, sitaitaja, nilikwenda kuisaidia. Malalamiko yao: webpack imechoka, kila ukihifadhi faili unangoja karibu nusu dakika uone badiliko. Mkuu wao alikuwa ameshakubali kusimamisha kazi za wateja ili timu nzima ihamie Vite. Kulikuwa na binti aliyekuwa hapo kwa mafunzo ya vitendo. Akasema, kaka, kabla hatujahama, si tupime muda unaishia wapi? Tukapima.

Kompyuta zilikuwa za Windows, na programu ya kuzuia virusi ilikuwa inakagua kila faili ndani ya node_modules, folda ya maktaba za mradi, kila inaposomwa. Hiyo peke yake ilikula sehemu kubwa. Mipangilio ya webpack ilikuwa imenakiliwa kutoka mradi wa zamani, ikitengeneza ramani kamili za msimbo, zile za kukuonyesha hitilafu imetoka mstari gani, wakati wa kazi, kama vile ndiyo inapanda hewani. TypeScript, ile JavaScript yenye ukaguzi wa aina za data, ilikuwa inakagua mradi mzima upya kila mtu anapohifadhi herufi moja. Na kache ya diski, inayohifadhi kazi iliyokwisha kufanyika isirudiwe, ambayo imo ndani ya webpack 5 tangu ilipotoka Oktoba 2020, haikuwa imewashwa. Mstari mmoja: cache, type, filesystem. Tukaitoa folda ya mradi kwenye ukaguzi wa virusi, tukabadilisha aina ya ramani, ukaguzi wa TypeScript tukauweka pembeni ujiendeshe wenyewe, kache tukaiwasha. Nusu dakika ikawa sekunde chache. Mwaka ule hawakuhama, na wateja wao walipata kazi zao.

Wangehamia Vite bila kupima wangepata nini? Wangepata kasi, ndiyo. Halafu programu ya virusi ingebaki pale pale inakagua kila faili.

Lakini msinielewe vibaya. Ukishapima, ukarekebisha cha kurekebishwa, na maumivu yakabaki, hapo usijidanganye kwamba unavumilia bure. Chukua timu ya watu 8. Kila mmoja anahifadhi faili mara 100 kwa siku, kila mara anangoja sekunde 10. Hizo ni sekunde 8,000, zaidi ya saa 2 za kazi kila siku ya Mungu. Na mtu anayengoja sekunde 10 hangoji tu. Anafungua simu, anaingia WhatsApp, akirudi ameshasahau alikuwa anarekebisha nini. Hesabu ikiwa hivyo, peleka kwa bosi. Usipeleke mchoro wa mtu mwingine, peleka hesabu yako.

Sasa niwageukie wale wanaosema: mimi sihami, yangu inafanya kazi. Kaka, dada, inafanya kazi mpaka lini?

Tarehe 19 Oktoba 2021 ilitoka Node 17, toleo la programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, webpack ikiwemo. Ndani yake kulikuwa na OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji iliyokuwa imetoka mwezi mmoja kabla. OpenSSL 3 iliamua kuziweka kando njia za zamani zisizo salama, mojawapo ikiwa MD4, ya mwaka 1990. Sasa nani alikuwa bado anatumia MD4? webpack 4. Haikuitumia kulinda siri yoyote, iliitumia tu kutengeneza alama fupi za kutambua faili. Lakini OpenSSL haikujua hilo. Mtu anasasisha Node asubuhi, hajagusa mstari hata mmoja wa msimbo wake, anaandika amri ile ile ya jana, na terminali inamrudishia maneno haya: digital envelope routines, unsupported. Nani humu hajawahi kukutana nayo? Mnacheka kwa sababu mnaijua.

Miradi mingi ya Create React App, zana ya kuanzishia miradi ya React, ya toleo la 4 ilikuwa imejengwa juu ya webpack 4. Watu wakafanya nini? Wakaenda mtandaoni, wakakuta jibu la kunakili: weka openssl-legacy-provider kwenye NODE_OPTIONS, mahali pa kuipa Node maagizo. Yaani uiambie Node irudishe kile walichokiondoa kwa sababu za usalama. Ikafanya kazi. Wengine wakarudi Node 16. Nayo ikafanya kazi, mpaka tarehe 11 Septemba 2023, siku Node 16 ilipoacha kupata marekebisho ya usalama. Na Create React App yenyewe ikatangazwa rasmi Februari 2025 kwamba haipendekezwi tena kwa miradi mipya.

Ninyi mnaotunza mifumo ya hospitali, ya ada za shule, ya SACCOS, nawauliza kwa upendo: ile NODE_OPTIONS bado iko kwenye package.json, faili la maelezo ya mradi wenu? Nani aliiweka, na anakumbuka kwa nini? Wengi walioiweka wameshahama kazi.

Kwa hiyo kuna saa mbili zinazotembea. Saa ya kwanza ni ya zana mpya: imekomaa kiasi gani? Saa ya pili ni ya zana yako ya zamani: imebakiza muda gani kabla vitu vinavyoizunguka havijaiacha? Wengi wetu tunaangalia saa ya kwanza tu kwa sababu ndiyo yenye matangazo. Ya pili haina matangazo. Utaijua kwa kusoma tarehe za mwisho za Node, kwa kuangalia kama plagini, yaani vipande vya kuiongezea zana uwezo, unazozitegemea bado zinasasishwa, na kwa kuangalia kama hitilafu zinazoripotiwa zinajibiwa.

Na saa ya kwanza unaisomaje? Hapa nina msimamo wangu na nitausema wazi. Usimtazame aliyeunda zana. Watazame waliojenga juu yake.

Nitawapa kisa cha Snowpack. Kabla Vite haijavuma, Snowpack ndiyo iliyokuwa ikisifiwa kwa wazo lile lile la kuacha kivinjari kiombe faili zenyewe. Lilikuwa wazo zuri, na lilikuwa na watu makini. Timu ya Svelte, zana nyingine ya kujengea kurasa, ilipoonyesha mfumo wake wa SvelteKit kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2020, iliijenga juu ya Snowpack. Kufika mapema 2021, kabla SvelteKit haijafunguliwa kwa watu wote, walikuwa wameshahamia Vite. Waliokuwa wakifuatilia waliona ishara mapema. Waliokuwa wakisoma sifa za Snowpack peke yake walichelewa kuiona, na Aprili 2022 ikatangazwa kwamba Snowpack haitunzwi tena, watumiaji wake wakaelekezwa Vite. Waanzilishi wake walikuwa wameshaingia kwenye kazi nyingine, Astro. Hawakumkosea mtu; programu huria ndivyo ilivyo, anayeitunza leo hana mkataba na wewe. Lakini aliyeijengea mfumo wa mteja wake mwaka 2021 alilipa kuhama mara mbili.

Kwa upande wa Vite ishara zilikwendaje? Katikati ya 2022 Laravel, mfumo wa PHP wa kujengea tovuti, wakaiacha Laravel Mix, iliyokuwa imejengwa juu ya webpack, wakaiweka Vite kuwa ndiyo inayokuja na mradi mpya. Wengi humu tunakula kwa Laravel, kwa hiyo hilo lilitugusa moja kwa moja. Novemba 2023, Angular 17, mfumo wa Google wa kujengea tovuti, ikaja na esbuild na Vite kwa miradi mipya. Fikirini: Angular ina wateja wa mabenki na serikali, watu wasiopenda kushtukizwa. Mtu wa namna hiyo akihamia zana fulani, ameshailipia vipimo ambavyo wewe huwezi kuvilipia.

Na tena, Turbopack yenyewe. Ilitangazwa kwa vifijo Oktoba 2022. Kwa kazi za kila siku ilihesabiwa kuwa imara kwenye Next.js 15, mfumo wa Vercel wa kujengea tovuti, Oktoba 2024. Ikawa ndiyo inayokuja yenyewe kwenye Next.js 16, Oktoba 2025, kwa kazi na kwa kujenga. Kati ya siku ya vifijo na siku ambayo waundaji wake wenyewe waliiamini kwa kila mtu ni miaka 3. Miaka 3! Wao walioiandika walisubiri. Wewe mwenye tovuti ya kuuza vifaa vya ujenzi unakimbilia wapi?

Wala msitumie namba ya toleo kama kipimo pekee. Vite iliibeba esbuild ndani yake kwa miaka mingi huku esbuild ikiwa bado chini ya 1.0. Namba inasema anachoahidi mwandishi, ila waliojenga juu yake wanakuonyesha kinachobeba mzigo.

Nakuja kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, na naona linazungumzwa kidogo sana. Simu ya mteja.

Sisi humu tuna kompyuta nzuri na Chrome ya mwezi huu. Je, mteja wako? Yule mama wa Tandika anayefungua tovuti yako kuangalia bei ya mchele, ana simu gani? Yule kijana wa Kigoma anayejaza fomu ya mkopo, ana simu gani?

Kila zana ya kufungasha ina mpaka wake: inaandika JavaScript ya kisasa kiasi gani. webpack tuliyoizoea, pamoja na Babel iliyopangwa kwa simu za zamani, ilikuwa inarudisha msimbo nyuma sana, ukawa mnene lakini ukasomeka popote. Vite, kuanzia toleo la 4 hadi la 6, kama hukuiambia vingine, ilikuwa inalenga Chrome 87 na Safari 14 kwenda juu. Vite 7, iliyotoka Juni 2025, ikapandisha mpaka: Chrome 107 na Safari 16. Zilinganisheni namba hizo na simu za mitaani. Simu ya Android 6 inaishia Chrome 106. Haipandi zaidi ya hapo, hata uipe bando la bure. iPhone 7, ambayo imejaa kwenye maduka ya simu za mtumba Kariakoo, inaishia iOS 15, na Safari 16 ilikuja na iOS 16. iPhone 6 inaishia iOS 12. Na msiseme "atatumia Chrome": kwenye iPhone zetu hizi, Chrome nayo inatumia injini ile ile ya Safari.

Nini kinatokea hasa? Nilionyeshwa na kijana mmoja anayetengeneza simu, yeye na iPhone 6 yake mkononi. Tovuti ya duka fulani, imetoka kuhamishiwa zana mpya. Anafungua, ukurasa mweupe. Anaonyesha upya, ukurasa mweupe. Hakuna ujumbe wa hitilafu, hakuna kitu. Tukaiunganisha kwenye kompyuta tusome kinachosemwa ndani: herufi mbili, alama ya kuuliza na nukta. Ile njia fupi ya kuchungulia ndani ya kitu kama kipo. Safari ya iOS 12 haiijui. Na kivinjari kikikuta sarufi kisiyoijua, hakiruki mstari ule. Kinaitupa faili nzima. Tovuti yote ilikuwa ndani ya faili hiyo.

Mwenye duka hakujua. Angejuaje? Mteja aliyeona ukurasa mweupe hapigi simu kulalamika, anakwenda duka jingine. Na wala hakuonekana kwenye takwimu, kwa sababu msimbo wa takwimu nao ulikuwa kwenye faili lile lile lililotupwa.

Sitaki mtoke hapa mkisema Vite 7 inaua simu. Tofauti ya sarufi kati ya Chrome 106 na 107 ni ndogo mno, na huenda tovuti yako ikafunguka vizuri tu. Ila zana imekwambia mapema kwamba chini ya mpaka huo haina ahadi. Dawa ipo: unaweza kuushusha mpaka mwenyewe kwenye build.target, na ipo plagini rasmi ya legacy inayotengeneza faili za pili kwa vivinjari vya zamani. Itakuongezea muda wa kujenga na uzito wa faili. Lipa gharama hiyo kama wateja wako wanaihitaji, usiilipe kama hawaihitaji. Na utajuaje? Soma kumbukumbu za seva, siyo takwimu za JavaScript. Seva inaandika jina la kila kivinjari kilichobisha hodi, hata kile kilichoshindwa kuingia. Fanya hivyo kabla ya kuhama. Kabla, ndugu zangu.

Sasa tuseme umepima, saa zote mbili zinasema hama, na simu za wateja umezijua. Unahamaje?

Usihame na kitu kingine. Nasisitiza hili. Watu wanahama zana, hapo hapo wanapandisha toleo la React, hapo hapo wanabadilisha TypeScript, hapo hapo wanapanga upya mafolda. Kikivunjika kitu, nani kakivunja? Hama zana peke yake, kwenye tawi lake, yaani nakala yake ya msimbo, zana ya zamani ikiwa bado inajenga kwenye tawi kuu. Zikae pamoja kwa muda. Faili la mipangilio la zamani usilifute siku ya kwanza ya shangwe.

Na ujue kwamba kujenga kukipita bila hitilafu hujamaliza. Kwenye Create React App vigezo vya mazingira, kama anwani ya seva ya malipo, vinaanza na REACT_APP na vinasomwa kwa process.env. Kwenye Vite vinaanza na VITE na vinasomwa kwa import.meta.env. Timu moja iliyohama ilibadilisha namna ya kusoma, ikasahau kubadilisha jina kwenye faili la .env. Vite haikulalamika, ilijenga vizuri, rangi ya kijani juu mpaka chini. Mteja anabonyeza "Lipa", na kivinjari kinatuma ombi kwenda kwenye anwani inayoanza na neno undefined, yaani thamani haipo. Undefined, mkwaju, malipo. Kitu kama hicho hakionekani mpaka mtu abonyeze "Lipa". Kwa hiyo kabla ya kupandisha, mtu akae na tovuti iliyojengwa, siyo ile ya kazini, abonyeze kila kitufe kinachogusa fedha. Nasema iliyojengwa kwa sababu Vite kwa miaka mingi ilitumia njia moja ukiwa kazini na nyingine, Rollup, wakati wa kujenga. Rolldown imeandikwa hasa ili kuziba pengo hilo. Mpaka litakapozibwa kwenye mradi wako, jaribu kile atakachokipata mteja.

Wale wenye miradi mikubwa ya webpack, yenye plagini mlizoandika wenyewe, msidhani njia ni Vite tu. Rspack ya ByteDance, iliyofunguliwa kwa umma Machi 2023 na kufika 1.0 Agosti 2024, imeandikwa ikijua mipangilio ya webpack na plagini nyingi za webpack. Kwa mradi wa namna hiyo ningejaribu Rspack kwanza, hata kama mitandaoni haina kelele nyingi.

Na kama unaanza mradi leo, huna cha kuhama. Chukua Vite. Kama unatumia Next.js, chukua kinachokuja nayo, usipigane nayo. Mwenye webpack 5 inayokwenda vizuri, yenye kache, na timu isiyolalamika: kaa, na kila Node inapotoa toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, jaribu kujenga nalo siku moja uone kama bado unasimama. Mwenye webpack 4 na ile NODE_OPTIONS: kesho asubuhi ifute kwenye nakala ya majaribio, uone mradi wako una hali gani hasa, na hiyo ndiyo iwe ajenda ya kikao chenu cha wiki hii.

Muda wangu umekwisha na naona mikono. Dada mwenye kilemba cha kijani alianza kunyoosha tangu nilipoitaja iPhone 7. Tuanze na wewe, dada, karibu kipaza sauti.